Smith Maana Yake Mhunzi: Jina la Kiingereza na Fuawe la Nateete

Kando ya barabara iendayo Masaka, mahali paitwapo Nateete, kiasi cha kilomita 6 kutoka katikati ya jiji la Kampala, wako mafundi wa vyuma wafanyao kazi zao hadharani, mbele ya macho ya kila apitaye. Hapo hutengenezwa mageti, vitanda, madirisha na sigiri za makaa. Siku nzima mlio wa nyundo hushindana na honi za teksi, na cheche za moto huruka hadi ukingoni mwa barabara.

Tulifika hapo juzijuzi kutengenezesha bawaba ya mlango. Fundi aliyetupokea, mtu wa makamo mwenye mikono iliyokomaa kwa kazi, alipoona tumevaa sare alitukaribisha benchi, akaifanya kazi yetu kwa ustadi. Alipoimaliza hakutaja bei kwanza, bali aliingia ndani ya kibanda chake akatoka na daftari la shule. Lilikuwa daftari la mwanawe. Juu ya jalada, jina ambalo mtoto alipewa na ukoo wake lilikuwa limekatwa kwa kalamu ya wino, na juu yake limeandikwa kwa herufi kubwa jina jingine: SMITH.

"Afande," alisema fundi yule, "ninyi watu wa makaratasi huyajua mambo haya. Jina hili ni la nani? Mimi si Smith, wala baba yangu hakuwa Smith. Mtoto ananiambia kwamba wenzake shuleni humcheka kwa sababu baba yake hunuka moshi wa chuma. Basi amejichagulia jina la kiungwana."

Tulimtazama fundi, tukaitazama nyundo iliyolala miguuni pake, kisha tukamjibu: "Fundi, jina hilo maana yake ni mhunzi. Mwanao amekukimbia wewe, na huko alikokimbilia amekukuta wewe."

Fundi alinyamaza kidogo, kisha akatutaka tumweleze habari hiyo yote tangu mwanzo. Kwa kuwa tunaamini kwamba wako wazazi na watoto wengi wenye swali kama lake, tumeona ni vema tuyaandike majibu hayo katika ukurasa huu.

ASILI YA JINA

Katika Kiingereza cha kale, kabla Waingereza hawajatawaliwa na Wanormani mwaka 1066, neno hili lilikuwa na maana ya fundi afanyaye kazi kwa mikono, na zaidi yule afuaye chuma. Wako watu wasemao kwamba neno hili limetoka katika kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kupiga, kwa sababu mhunzi hupiga chuma. Maelezo hayo hupendeza masikioni, lakini wataalamu wa lugha hawayakubali. Hao husema kwamba mzizi wa neno hili ni wa zamani zaidi, na kwamba maana yake ya asili ni ufundi wenyewe.

Yafaa ieleweke kwamba Mwingereza wa zamani hakuwa na jina la ukoo. Alikuwa na jina moja tu, John au William au Robert, na hilo lilimtosha kijijini kwake. Lakini majina hayo yalikuwa machache na watu walikuwa wengi. Sisi tuliopita katika mafunzo ya jeshi twaijua taabu hiyo: sajini huita jina moja katika gwaride, wakaitika watu watatu. Basi Waingereza waliongeza alama. Huyu ni John mhunzi, yule ni John wa kilimani, na wa tatu ni John mwana wa Robert. Serikali nayo ilipenda kuwa na orodha zilizo wazi za watu wake, hasa ilipotoza kodi ya kichwa katika miaka ya 1377, 1379 na 1381. Kidogo kidogo alama hizo ziliganda. Mwana wa John mhunzi akaitwa Smith hata kama yeye alikuwa mchunga kondoo, na mjukuu wake akaitwa hivyo hivyo, hadi leo.

Kwa njia hiyo hiyo yalizaliwa majina mengine mengi ambayo twayasikia kila siku bila ya kuyafikiria. Taylor ni mshonaji wa nguo. Baker ni mwoka mikate. Cook ni mpishi. Miller ni msaga unga, Cooper ni mtengeneza mapipa, na Clark ni karani. Wright ni fundi atengenezaye vitu, na kwa jina hilo tutarudi tena hapa chini. Msomaji ataona kwamba majina haya yanayosikika kwa wengine kuwa makubwa ni orodha ya wafanyakazi wa mikono, kama wale ambao mtu angeweza kuwakuta leo katika soko la Nateete.

KWA NINI SMITH NI WENGI

Smith ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote katika Uingereza. Ndivyo ilivyo pia katika Marekani, ambako hesabu ya watu ya mwaka 2010 iliwakuta watu 2,442,977 wenye jina hilo. Mtu aweza kudhani kwamba hao wote ni wana wa babu mmoja. Sivyo hata kidogo. Kila kijiji cha Uingereza kilihitaji mhunzi wake wa kutengeneza majembe ya plau, misumari, viatu vya farasi, vichwa vya mishale na panga za vita. Basi kila kijiji kikazaa ukoo wake wa Smith, usiokuwa na udugu wowote na Smith wa kijiji cha pili.

Zaidi ya hayo, wengi wa Smith wa Marekani si Waingereza kwa asili. Wako waliokuwa Schmidt huko Ujerumani, wakalibadili jina lao walipohamia nchi mpya. Wako pia wana wa Waafrika, ambao babu zao walichukuliwa utumwani, wakapoteza majina ya kwao, na kizazi chao kikabaki na majina ya lugha ya mabwana. Kwa watu hao jina Smith halisemi lolote juu ya fuawe wala mivukuto. Husema tu kwamba palikuwa na jina jingine kabla yake, nalo limepotea. Mtoto wa Nateete ambaye hakulazimishwa na mtu kulikata jina lake kwa wino angefaa kulikumbuka jambo hilo.

Wala Waingereza si peke yao waliomwadhimisha mhunzi kwa jina. Mjerumani humwita Schmidt, Mrusi humwita Kuznetsov, Mpolandi humwita Kowalski, Mhungaria humwita Kovács, Mfaransa humwita Lefebvre, na Mhispania humwita Herrero. Hata Ferrari, jina la magari ya mbio ya Italia, limetokana na neno la chuma. Mwarabu humwita Haddad, na wasomaji wetu wa pwani wanaoijua Ratibu ya Haddad wamekuwa wakilitamka jina la mhunzi kila wanapoisoma.

Hata hivyo jina si kazi. Kizazi kilichosoma magazeti katika miaka ya 1960 na 1970 kililizoea jina hili kwa sababu ya mtu mmoja, Ian Smith, aliyewatangazia walowezi wa Rhodesia uhuru wao wenyewe tarehe 11 Novemba 1965, kinyume cha haki ya Waafrika walio wengi. Mambo yake yalikwisha, na mwaka 1980 nchi hiyo ikawa Zimbabwe. Jina lake lilikuwa la mhunzi, lakini alilokuwa akilifua si jembe la mtu yeyote.

SMITH ALIYEFIKA BUGANDA

Sasa twarudi nyumbani, maana jina hili lina historia yake katika nchi yetu, na historia hiyo yatufikisha Nateete penyewe.

Mwezi Novemba 1875 gazeti moja la London lilichapisha barua ya msafiri Stanley, iliyowaita walimu wa Kikristo waende kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza. Chama cha misheni cha CMS kiliitikia wito huo. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Luteni George Shergold Smith, afisa wa jeshi la majini la Uingereza. Tarehe 30 Juni 1877 yeye na mwenzake C. T. Wilson waliwasili katika makao makuu ya Kabaka, Lubaga. Smith huyo hakukaa sana. Mwezi Desemba mwaka huo huo aliuawa katika kisiwa cha Ukerewe, katika ugomvi baina ya mtawala wa kisiwa na mfanyabiashara mmoja.

Katika kundi hilo hilo alikuwamo kijana mwingine, Alexander Mackay, aliyezaliwa mwaka 1849 katika kijiji cha Rhynie, Uskochi. Huyu hakuwa kasisi, bali mhandisi. Kabla ya kufika ziwani alikuwa amefyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Alifika Buganda Novemba 1878, na makazi ya misheni yakawa Nateete. Jina lake nalo lina maana. Katika lugha ya kale ya Waskochi, Mackay ni mwana wa Aodh, na Aodh maana yake ni moto.

Basi yule aliyeitwa Mhunzi alikuwa baharia, na yule aliyeitwa Mwana wa Moto ndiye aliyewasha tanuri. Hapo Nateete Mackay alikuwa na karakana yenye tanuri la kufulia chuma, mashine ya kukerezea na mtambo wa kupigia chapa. Alifua, alipiga randa, alichonga herufi, akachapa karatasi za kwanza za kujifunzia kusoma Kiganda. Namasole Muganzirwazza, mama yake Kabaka, alipofariki mwaka 1882, ni Mackay aliyetakiwa atengeneze majeneza makubwa ya mbao na ya madini, akisaidiana na mafundi wa Kabaka.

Watu waliomwona hawakujua maana ya jina lake la Kiskochi, wala hawakuwa na haja ya kuijua. Walimpa jina lao, tena kwa lugha yetu hii ya Kiswahili, ambayo wakati huo ilikuwa ikieleweka katika baraza la Kabaka. Walimwita Mzungu wa Kazi.

Hapa twamwomba msomaji atue kidogo. Hivyo ndivyo jina Smith lilivyozaliwa. Jirani alimtazama mwenziwe, akaona mikono yake yafanya nini, akamwita kwa hilo. Kilichotendeka katika vijiji vya Uingereza miaka 700 iliyopita kilitendeka Nateete katika siku za babu zetu.

WALUKAGA

Lakini msomaji asidhani kwamba ufuaji wa chuma uliletwa Buganda na mtu huyo. Wahunzi walikuwako karne nyingi kabla yake, wakifua mikuki, majembe na visu. Mkuu wa wahunzi wa Kabaka alikuwa na cheo chake, na cheo hicho kilikuwa na jina: Walukaga. Aliyekishika cheo aliitwa kwa jina hilo, kwa maana hiyo Walukaga ni Smith wa Buganda, tena mwenye heshima ya kuingia barazani.

Katika enzi ya Kabaka Mwanga, aliyetawala baada ya Mutesa kufariki mwaka 1884, mwenye cheo hicho alikuwa miongoni mwa wasomi, yaani wale waliojifunza dini mpya, akabatizwa jina la Nuwa. Siku zilikuwa mbaya. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni ya Nateete, nao ni Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa kwa moto huko Busega, mwendo mfupi tu kutoka Nateete. Mwaka uliofuata zamu ikawa ya wengine wengi. Tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, Nuwa Walukaga, mkuu wa wahunzi, alichomwa moto pamoja na wenzake.

Mtu aliyeishi kwa moto wa tanuri alikufa kwa moto. Kila mwaka tarehe 3 Juni maelfu kwa maelfu ya mahujaji huenda Namugongo, wengine kwa miguu kutoka nchi jirani, na miongoni mwa wanaokumbukwa huko yumo mfua chuma. Sijui wangapi kati yao hukumbuka kwamba jina lake lilikuwa jina la kazi ya mikono. Wahenga walisema, jina jema hung'aa gizani.

Mackay mwenyewe aliondoka Buganda mwaka 1887, akafariki kwa homa huko Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890. Mwaka 1927 mabaki yake yalirudishwa yakazikwa Namirembe. Hapo Nateete jina lake limebaki katika shule ya sekondari iitwayo kwa kumbukumbu yake, na karakana ya reli imejengwa jirani, Nalukolongo. Mahali pale, yaonekana, hapajaachana na chuma.

JINA LA KAZI NA JINA LA UKOO

Wako watakaotuuliza: je, ni kosa Mwafrika kuchukua jina la kigeni? Hatusemi hivyo, na historia ya Nateete haituruhusu kusema hivyo. Miongoni mwa watu watano wa kwanza waliobatizwa na misheni hiyo tarehe 18 Machi 1882 alikuwamo Sembera, naye alichagua kuitwa Mackay. Mwingine, Duta Kitakule, alibatizwa Unguja kwa jina la Henry Wright, jina lililokuwa la katibu wa CMS, akaja kuwa mmoja wa waliofanya kazi kubwa ya kuifasiri Biblia kwa Kiganda. Tumekwisha kuona kwamba Wright maana yake ni fundi. Lakini tazama walivyofanya wazee hao. Waliongeza jina, hawakukata. Twawajua hadi leo kwa majina ya Sembera Mackay na Henry Wright Duta Kitakule. Lile la kigeni lilikaa karibu na lile la kwao, wala halikulala juu yake.

Sababu ya kutokukata ni kubwa. Jina la Kiingereza na jina la Kiganda hazifanyi kazi moja. Smith husema babu wa kwanza alifanya kazi gani, kisha hunyamaza. Halisemi wewe ni ndugu wa nani, na Smith mmoja aweza kumwoa Smith mwingine bila ya kizuizi. Katika Buganda mambo ni kinyume chake. Baba na mwana huweza kuwa na majina mbalimbali kabisa, lakini kila moja limetoka katika hazina ya majina ya ukoo wao, kati ya koo zaidi ya 50 zilizopo. Alisikiaye jina hilo huweza kuujua ukoo, muziro, na nani ni dada yake asiyeweza kumposa. Anayelikata jina hilo kwa wino amekata kamba iliyomfunga kwa jamaa zake, waliokufa na walio hai.

Kwa hiyo mwana wa fundi yule amepata hasara mara mbili. Amelifuta jina lililomwambia yeye ni nani, akaandika jina lisemalo baba yake ni nani, akidhani kwamba limemficha.

NENO LA MWISHO

Lililotuuma zaidi katika daftari lile si jina la Kiingereza. Ni aibu iliyolisukuma. Mtoto amefundishwa na wenziwe kwamba mikono yenye masizi ni mikono ya mtu duni. Wenziwe hao hulala juu ya vitanda vya chuma, hufunga milango ya chuma usiku, na chakula chao hupikwa juu ya sigiri. Vyote hivyo vimetoka kwa mtu anukaye moshi. Ikiwa mamilioni ya watu katika Uingereza na Marekani huitwa Mhunzi, wakaliandika jina hilo katika hati zao za benki na juu ya milango ya ofisi zao bila ya haya yoyote, hatuoni kwa nini mtoto ambaye baba yake ni mhunzi wa kweli, aliye hai, mwenye nyundo mkononi, ainamishe kichwa darasani.

Tulipokwisha kumweleza fundi hayo yote, jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa Busega. Aliligeuza daftari mikononi mwake mara mbili tatu.

"Kwa hiyo, Afande," akasema, "mimi nimekuwa Smith miaka hii yote na hakuna aliyeniambia?"

"Umekuwa, Fundi," tukamjibu. "Tena wewe ni yule wa kwanza, kabla jina halijawa la kurithi."

Alicheka, akalifuta jalada vumbi la chuma, akaliweka daftari juu ya rafu pamoja na koleo zake. Alisema hatampiga mtoto, wala hatamgombeza. Ila gazeti litakapotoka atanunua nakala moja, na jioni, kazi ikiisha, atamkalisha mwanawe kwenye benchi lile lile tulilokalia sisi, amsomee makala haya kwa sauti, kutoka juu hadi chini. Kisha ampe kalamu.